Somo Linalosomwa Nyuma ya Darasa

Kila mwisho wa Februari watoto wa shule za Songea hupelekwa Mahenge, hapahapa mjini, kwenye Makumbusho ya Majimaji. Husimama kimya mbele ya kaburi la halaiki la mashujaa walionyongwa na Wajerumani tarehe 27 Februari 1906. Huelezwa habari za Nduna Songea Mbano, ambaye mji huu umerithi jina lake, na simulizi kwamba kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Ujerumani. Hutajiwa Mkomanile, mwanamke aliyehesabiwa miongoni mwa viongozi wa Vita ya Majimaji, akanyongwa kama walivyonyongwa wanaume. Mtoto wa darasa la tatu anasikia kitanzi, kichwa na shimo la maiti, na sijapata kumsikia mzazi akilalamika kwamba mwanawe ni mdogo mno kwa habari hizo.

Mtoto huyohuyo akifika darasa la sita, akauliza mbele ya wenzake kwa nini msichana anayekaa naye dawati moja hakuja shule siku nne, huenda akaambiwa akae chini na aache utovu wa adabu.

Kwa hiyo tusidanganyane kwamba sisi watu wa Ruvuma tunawaepusha watoto na mambo mazito. Tunachagua mazito ya kuwaambia. Kifo tunakisimulia mchana kweupe. Uzazi tunaunong'ona usiku, na wengine hatuunong'oni kabisa, huku wahenga walishatuambia kwamba mficha uchi hazai.

Sisi tunaficha, na tunazaa mapema. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba kati ya kila wasichana 100 wa miaka 15 hadi 19 nchini, 22 walikuwa wamekwisha kupata mimba. Ni nafuu kidogo kuliko 27 wa utafiti wa 2015/16. Lakini ukishuka mkoa kwa mkoa, Songwe ndiyo iliyokuwa juu kabisa, 45, na iliyoifuata ni Ruvuma, 37. Tumezoea kusema umaskini, na sikatai. Ila huu ni mkoa wa mahindi yanayolisha mikoa mingine, wenye kahawa ya Mbinga na korosho ya Tunduru. Kuna kitu kingine tusichokitaja, na nadhani kinaanzia kwenye huko kutotaja kwenyewe.

Mkono juu ya tumbo

Nilisoma sekondari ya kutwa hapa mkoani. Jina lake liache. Somo langu la kwanza la afya ya uzazi halikuwa na ubao wala chaki. Lilikuwa mkono. Kila tulipofungua shule, wasichana tulipangwa mstari nje ya chumba kimoja. Tuliingia mmoja mmoja, na mama mwenye koti jeupe akatubonyeza chini ya kitovu. Hatukuambiwa anatafuta nini wala kile anachokitafuta huingiaje. Tulijua tu kwamba akikaa kimya muda mrefu, umekwisha. Wavulana hawakupimwa kitu. Walikuwa dirishani, wakihesabu nani katoka analia.

Mwenzangu wa dawati hakurudi baada ya likizo ya Juni ya kidato cha pili. Hakuna mwalimu aliyetuambia lolote. Habari zake tulizisoma ukutani chooni, zimeandikwa kwa mkaa, pamoja na jina la mtu aliyedhaniwa kuhusika na neno ambalo maana yake nilikuwa siijui. Nikaijua siku ile. Hivyo ndivyo wengi wetu tulivyojifunza: neno lilitufikia likiwa limeshatiwa uchafu, na mtu wa kuoshea akiwa ameshaondoka darasani.

Sisemi kwamba mada haikuwapo. Uzazi umekuwapo katika Baiolojia ya kidato cha tatu miaka yote, na sayansi ya shule ya msingi huugusa mfumo wa uzazi. Uraia nao ulikuwa na stadi za maisha, familia, haki za binadamu, hata jinsia. Anayesema shule za Tanzania hazina kabisa elimu hii hajafungua muhtasari. Shughuli iko mdomoni mwa mwalimu. Wetu aliigeuza mada kuwa mchoro. Alichora vizuri, Mungu ambariki, akaweka mishale, akaandika majina yote kwa Kiingereza, akatuambia tunakili. Wavulana wa nyuma walipoanza kucheka alifuta ubao.

Miaka mingi baadaye ndipo nilipoelewa kwamba Kiingereza kilikuwa pazia. Kwa lugha ile mwalimu angeweza kutaja kiungo chochote bila kutoka jasho, kwa sababu haikuwa lugha ya mama yake wala ya mama zetu. Kusema uke, uume, hedhi na shahawa mbele ya watoto wa majirani zake, hilo lingemshinda. Tukafaulu mtihani. Nilijua kuandika bila kosa jina la mirija inayopitisha yai, na bado niliamini kwamba msichana hawezi kupata mimba akikutana na mwanamume mara ya kwanza. Mambo hayo mawili yalikaa kichwani mwangu kama wapangaji wa nyumba moja wasiosalimiana.

Ajabu ni kwamba Kiswahili hakina upungufu. Tuna kuvunja ungo, tuna kubalehe, tuna via vya uzazi, tuna hedhi ambayo imetamkwa hata bungeni: bajeti ya 2018/19 ilifuta kodi ya ongezeko la thamani kwenye taulo za kike, na ya mwaka uliofuata ikairudisha kwa maelezo kwamba bei haikushuka kwa mnunuzi. Waheshimiwa walilijadili jambo hilo mbele ya kamera na paa la ukumbi wa Dodoma halikuanguka.

Kulikuwa na shule kabla ya shule

Bibi zetu wangetushangaa. Katika ukanda huu wa kusini, kwa Wayao wa Tunduru na kwa majirani zao Wamakua na Wamakonde, msichana hakuachwa agundue mwenyewe. Alichezwa. Sikiliza neno hilo: hafundishwi, anachezwa; ngoma ni yake na inapigwa juu yake. Anayemshika mkono ni somo wake, na sijui kama kuna lugha nyingine iliyompa mwalimu wa mambo ya mwili jina lilelile inaloliita Hesabu na Jiografia. Somo humweleza mwali namna ya kujisitiri akiwa mwezini, kufua na kuficha vitambaa, kusalimia, kukaa, kupika, kuishi na mume. Humweleza kwa nyimbo na mafumbo ambayo mtu wa nje akiyasikia anadhani ni habari za mchi na kinu.

Nisiupake unyago asali. Nilivyousikia kutoka kwa waliouingia, mwili wa mwanamke ulielezwa mara nyingi kama chakula kinachoandaliwa kwa ajili ya mtu mwingine. Namna ya kumkatalia mtu huyo haikuwa na wimbo wake. Tena siku hizi ngoma zimehamia likizo za Juni na Desemba, na wanaoingizwa wengine ni wa darasa la tatu au la nne. Mafundisho yaliyotungwa kwa binti anayekaribia kuolewa anapewa mtoto wa miaka tisa. Anatoka amevaa khanga mpya, watu wanampigia vigelegele, naye anaamini amekuwa mkubwa. Januari anarudi kwenye jedwali la kuzidisha.

Na kuna hili ambalo wapenzi wa mila hulipita haraka. Unyago ulifundisha heshima, lakini heshima kwa walio ndani. Mwanamke ambaye hajachezwa, hata awe na mvi, aliweza kuambiwa atoke kwenye mazungumzo ya wakubwa kama mtoto. Kumjua mwenzako na kumdharau asiye mwenzako vilisomwa kwa ngoma moja.

Wamisionari waliona nguvu ya shule hii. Huko Masasi, miaka ya 1920, Askofu Vincent Lucas wa Anglikana hakupiga marufuku. Aliingiza sala na msalaba kambini ili jando la wavulana na malango ya wasichana viwe vya Kikristo, jaribio ambalo mwanahistoria Terence Ranger aliliandikia kwa kirefu mwaka 1972. Wabenediktini waliofika Peramiho mwaka 1898 wametuachia shule, hospitali na mitambo ya kuchapa vitabu. Ngoma walizitazama kwa jicho la shaka, kama wamisionari wengi wa zama zao.

Kuna safari nyingine ya unyago ambayo hatuikumbuki inavyostahili. Watu waliotekwa kando ya Ziwa Nyasa walipitishwa nchi hii kwa miguu hadi Kilwa, na kutoka Kilwa wakavushwa Unguja. Walifika na ngoma zao. Mwanahistoria Laura Fair ameeleza jinsi ngoma za mwali zilizotoka bara zilivyokuja kuwakutanisha wanawake wa Unguja wa asili na tabaka mbalimbali, mjukuu wa mtumwa na binti wa bwana katika ua mmoja. Bi Kidude, Fatuma binti Baraka aliyefariki Aprili 2013, dunia ilimjua kwa taarabu; Unguja ilimjua pia kama kungwi. Kwa hiyo nikisikia mtu anasema kuwafundisha watoto habari za miili yao ni jambo la kuja na ndege, namuuliza ndege gani. La kwetu lilikwenda pwani likiwa limefungwa minyororo.

Neno linalotisha

Ila lazima tukiri kwamba neno tulilolichagua limetuponza. Jinsia ni kile tunachojaza kwenye fomu, me au ke. Waliotaka kuleta shuleni elimu kamili ya mambo haya wakaiita "elimu ya jinsia", wengine wakaongeza u ikawa "ya ujinsia". Watu wa serikali, kwa tahadhari yao ya siku zote, husema elimu ya afya ya uzazi na stadi za maisha. Mzazi wa Lizaboni au Bombambili hapa Songea akisikia "ujinsia" hasikii hedhi. Hasikii namna ya kumkwepa mwenye bodaboda anayembeba binti bure kila asubuhi. Anasikia mapenzi ya jinsia moja, na hapo mazungumzo yamekwisha.

Hofu hiyo ina tarehe zake. Desemba 7, 2013, mjini Cape Town, mawaziri wa elimu na afya wa nchi za mashariki na kusini mwa Afrika, Tanzania ikiwamo, waliahidi kuimarisha elimu ya aina hii mashuleni. Februari 2023 Waziri wa Elimu, Profesa Adolf Mkenda, alipiga marufuku vitabu 16 shuleni, mfululizo wa Diary of a Wimpy Kid wa Jeff Kinney ukiwamo, kwa maelezo kwamba vinakwenda kinyume na mila na maadili ya Mtanzania. Kati ya tarehe hizo mbili Uganda nayo ilisimamisha elimu hii mwaka 2016, ikatoa mwongozo wake mwaka 2018, viongozi wa dini wakaukataa. Mitaala mipya iliyoanza kutumika kwetu Januari 2024 imeleta somo la Historia ya Tanzania na Maadili. Hilo la maadili limewekwa kwenye jina lenyewe, kila mtu alione.

Mzazi mwenye hofu hii si mjinga. Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu, kinachoadhibu ngono ya kinyume cha maumbile, kiko upande wake, na kinafika hadi kifungo cha maisha. Msikiti uko upande wake, kanisa liko upande wake. Sina mahubiri ya kumpa. Ninayo mawili tu ya kumwomba ayaangalie.

La kwanza ni kwamba hofu hii haikai pale tulipoiweka. Mwalimu anayejua kwamba mzazi mmoja tu akienda kwa afisa elimu kusema "anafundisha mambo yale" kazi yake iko mashakani, hataruka ukurasa mmoja. Ataruka mada nzima, pamoja na hedhi, magonjwa ya zinaa na ule mguso usiofaa wa mjomba. Tangu mwaka 2019 sheria inamruhusu kijana wa miaka 15 kupima Virusi vya UKIMWI bila idhini ya mzazi. Kijana huyo yuko kidato cha pili, na huenda hakuna mtu mzima aliyewahi kumweleza kwa lugha anayoiota kile anachokwenda kupimwa.

La pili ni neno shoga. Mimi ninao mashoga wanne au watano, tuliosuka pamoja na kusindikizana kisimani. Neno hilo kwa wanawake ni tamu kuliko rafiki. Shuleni limekuwa jiwe. Anarushiwa mvulana mwenye sauti nyembamba, anayejua kupika, asiyetaka kuwapigia wasichana miluzi, anayelia akichapwa. Huyo hajavunja kifungu chochote cha sheria. Ana miaka 14. Kinachomsibu ni kwamba kubalehe hakuji kwa kengele. Mmoja huanza na miaka kumi, mwingine anafikisha kumi na minne bado anasubiri, na sauti hukatika inapotaka. Kipindi kimoja cha dakika arobaini, kikifundishwa na mtu asiyecheka, kinatosha kuliondoa jiwe hilo mikononi mwa darasa. Maadili anayoyatafuta mzazi yangekuwa yameanza hapo.

Pale Baiolojia inapoponya

Nimeisema vibaya Baiolojia, na haki yake niipe. Kidato cha nne kuna mada ya urithi. Mwalimu akiifundisha kwa utulivu, hubomoa kesi mbili ambazo zimewaua na kuwafukuza wanawake wengi kuliko tunavyotaka kuhesabu.

Kesi ya kwanza ni ya mama anayezaa wasichana watupu. Yai la mwanamke lina aina moja tu ya kromosomu ya jinsia. Mbegu ya mwanamume ndiyo inayokuja na moja kati ya mbili. Baba anayempiga mkewe kwa kukosa mtoto wa kiume anajipigia mlango wake mwenyewe. Nilimwona kijana mmoja darasani kwetu alivyolipokea somo hilo: aliweka kalamu chini, akatazama nje hadi kipindi kilipoisha. Nyumbani kwao walikuwa mabinti sita na yeye.

Kesi ya pili ni ya ualbino. Mtoto mwenye ualbino huzaliwa pale baba na mama wote wawili wanapokuwa wamebeba kinasaba chake, hata kama wao wenyewe ni weusi kama mkaa. Si laana, wala si mama kutoka nje ya ndoa na Mzungu. Inakadiriwa kuwa Tanzania mtu 1 katika kila 1,400 anaishi na ualbino, kiwango kikubwa kuliko sehemu nyingi za dunia. Kizazi changu kilisema zeruzeru bila kusita. Wanafunzi wa leo wengi husema mtu mwenye ualbino, na wanamsahihisha mkubwa anayekosea. Mwaka 2010 wapiga kura wa Lindi Mjini, ndugu zetu wa kusini hukuhuku, walimchagua Salum Barwani kuwa mbunge, wa kwanza mwenye ualbino kuchaguliwa jimboni nchini. Neno lilibadilika kwa sababu kulikuwa na kampeni, redio, kesi mahakamani, na pia ule mraba mdogo wa herufi kubwa na ndogo ambao mwalimu aliuchora ubaoni.

Kuhusu redio, kuna jambo la kujifunza. Mwaka 2008 lilianza kusikika tangazo la mzee wa fedha anayewarubuni wasichana, na kila mara anaharibiwa mpango na mtu wa kawaida aliyeshtukia. Aliitwa Fataki. Haikupita muda jina likawa la kila mtu, kondakta alimwambia mzee aliyekaa na mtoto wa shule, "we fataki, shuka." Kabla ya hapo tulikuwa tunamwona mtu huyo, tunamjua, na hatuna la kumwita. Jarida la Fema nalo, ambalo asasi ya Femina imekuwa ikiligawa mashuleni, lilipita mikononi hadi kurasa zikachakaa, kwa sababu liliandika kama vijana wanavyoongea.

Lakini maneno yana mpaka wake, na Mwanza walishaupima. Kuanzia mwaka 1999 Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, AMREF na chuo kimoja cha afya cha London waliendesha mradi wa MEMA kwa Vijana katika jamii 20. Kumi zilipewa mpango, kumi zikalinganishwa nazo. Wanafunzi wa darasa la tano hadi la saba walifundishwa na walimu wao wenyewe, kwa hadithi, michezo na maigizo, na wahudumu wa zahanati wakafunzwa kuwapokea vijana bila kuwafokea. Zaidi ya vijana 9,000 walifuatiliwa. Uelewa ulipanda, mitazamo ikabadilika. Damu ilipopimwa, maambukizi ya VVU hayakuonyesha tofauti ya wazi. Waliporudi mwaka 2007 na 2008 waliwakuta waliosoma katika shule za jamii hizo, wengi sasa watu wazima, bado wanakumbuka walichofundishwa, na damu bado haina tofauti.

Wapinzani wa elimu hii huutumia utafiti huo kama rungu, na watetezi wake huuficha. Mimi nausoma kama anavyousoma mtu aliyekulia kwenye shule za kata. Msichana anayetoka kijijini kilomita kumi na tano hupangiwa chumba karibu na shule, geto la matofali mabichi, na debe la mahindi la mwezi mzima. Anajua yote. Wiki ya tatu chumvi imekwisha, mafuta yamekwisha, na mwenye duka anajua kwamba yamekwisha. Somo lilimfika kichwani; halikumfikia mfukoni. Mwongozo wa UNESCO wa mwaka 2018, uliopitia tafiti nyingi za nchi mbalimbali, ulihitimisha kwamba elimu ya namna hii haiwaharakishi vijana kuanza ngono. Hofu hiyo basi tuiweke kando. Lakini bweni, ambalo lingemtoa msichana huyo geto, haliwezi kuwekwa kando.

Anayerudi

Mtihani wa yote haya, kwa Ruvuma, umekaa kwenye dawati moja.

Kanuni za elimu za mwaka 2002 ziliruhusu mwanafunzi kufukuzwa kwa kosa dhidi ya maadili, na mimba ikasomwa humo. Juni 2017 Rais John Magufuli alisema hadharani kwamba wakati wa uongozi wake hakuna aliyezaa atakayerudi shule. Novemba 24, 2021 Waziri wa Elimu wa wakati huo, Profesa Joyce Ndalichako, alitangaza kwamba wanaruhusiwa kurudi, na waraka ukatoka. Kabla ya matamko hayo mawili, mwaka 2016, sheria ilikazwa: anayempa mwanafunzi mimba, kifungo cha miaka 30. Adhabu hiyo nzito imezaa pia ukimya wake. Familia mbili zinakutana jioni, mbuzi wawili wanatajwa, "tumalizane wenyewe", na binti anaulizwa mahakamani anasema hamjui aliyempa.

Waraka ulifungua geti. Haukumwambia mtu yeyote darasani afanye nini geti likifunguka. Mama mdogo huyo anaingia, sketi ya shule imebana kidogo kifuani, maziwa yanachuruzika saa nne. Anaitwa kwa jina la mtoto wake: mama Fulani, mama Fulani hebu tusomee. Mwalimu naye anacheka. Wasichana wanahama dawati kana kwamba mimba ni upele, na mama zao nyumbani wamewaambia wasimzoee. Mvulana, akiwa ndiye mwenyewe na akiwa bado shuleni, haitwi baba Fulani. Yuko mstari wa nyuma anacheza drafti ya vizibo.

Watu huzungumzia mitazamo ya wanafunzi kwa wenzao walio tofauti kana kwamba ni suala la watu wa mbali. Huyu hapa. Hatofautiani nao kwa kabila. Katika mji huu Mngoni, Mmatengo, Myao na Mnyasa wamesomea benchi moja tangu zamani, wanataniana mpaka wanasahau nani kaanza. Hatofautiani kwa dini. Anatofautiana kwa kitu kimoja ambacho darasa zima linakijua, hakuna aliyewahi kufundishwa kukizungumza, na maneno pekee waliyonayo ni yale ya ukutani chooni.

Mwenzangu wa dawati nilikutana naye mwaka jana. Anauza dagaa wa Nyasa sokoni, kwenye beseni la bluu, na alinitambua kabla sijamtambua. Mtoto aliyemtoa shule ni mtu mzima, yuko Mbeya. Tuliongea bei, tukaongea mvua, tukaongea waliokufa. Kisha akapunguza sauti.

"Shoga, wewe si ndiye unayeandika magazetini? Kitinda mimba wangu yuko kidato cha pili. Ameniuliza kitu juzi, nikamwambia subiri nikaange dagaa. Mpaka leo nakaanga."

Nikamwuliza kaishiaje. Akasema amempigia shangazi yake mtoto, aliyehamia Dar es Salaam, maana kwa kawaida hiyo ni kazi ya shangazi. Shangazi hana nafasi ya kupanda basi. Amemtumia binti ujumbe wa sauti kwa WhatsApp, wa dakika saba, na binti ameusikiliza akiwa amejifunika blanketi, mara mbili.

"Anasemaje?" nikauliza.

Akaanza kuwafukuza nzi kwenye beseni kwa kipande cha boksi.

"Simu ni yangu mimi," akasema. "Ujumbe bado umo. Ila haukuwa wangu, shoga. Sijaufungua."